Ngozi Ikianza Kukuchomea: Dalili 8 za Nje Zinazoweza Kuonyesha Saratani Imejificha Ndani

Leo udaku wa mastaa tunauweka kando kidogo, tuongee stori ya ngozi yako.

Chukulia uko hapa Huruma, umeketi kwa kinyozi unangoja zamu yako. Jamaa anaingia, shingo imekuwa nyeusi ti, utadhani ametoka kubeba makaa. Mtaa unaitwa Huruma lakini siku zingine hauna huruma. "Buda, sabuni imepanda bei?" Wasee wanacheka, yeye pia anacheka. Akifika keja anajisugua na jiwe mpaka ngozi inachubuka. Rangi haitoki. Mwezi ujao ananunua krimu, mwezi unaofuata anabadilisha krimu. Na kitambo tumbo limekuwa likimsumbua. Akila vijiko vitatu ameshiba, suruali zinamtoka, mshipi umeongezwa matundu mawili. Lakini hakuna mtu anaunganisha shingo na tumbo. Shingo inatibiwa kwa duka la vipodozi, tumbo linatibiwa na maziwa baridi.

Stori ya leo ni hiyo tu: kuunganisha. Juu kuna saratani za ndani kabisa, za tumbo, kongosho, mapafu ama ovari, ambazo mara nyingine hujionyesha kwa ngozi. Ngozi inakuchomea mapema, lakini ukiwa hujui lugha yake utaipaka mafuta na kuendelea na shughuli.

UFA WA PLASTA NA UFA WA MSINGI

Kabla uanze kutetemeka na kukimbilia kioo, ngoja kwanza.

Usiku wa 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa lilianguka hapa Huruma na kuua watu karibu 50. Tayari lilikuwa limewekewa alama ya kubomolewa. Tangu hiyo siku, ni wachache mtaani wanaoona ufa ukutani wakapita tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tuliona hiyo methali kwa macho.

Lakini pia unajua si kila ufa unamaanisha ploti inaanguka. Nyingi ni plasta imekauka vibaya, basi. Fundi anayejua kazi hauzi uwoga. Anakuuliza maswali matatu: Huu ufa umeanza lini? Unapanuka? Na kuna kitu kingine kimeanza kuharibika, kama mlango kukwama ama sakafu kuinama?

Ngozi ni hivyo hivyo. Doa, upele ama weusi mwingi ni plasta tu: joto, mafuta, mzio, kunguni, kurithi kutoka kwa mathe na mbuyu. Kwa kila kitu tutakachotaja hapa, jiulize maswali ya fundi:

Moja, imeanza lini? Kitu umekuwa nacho tangu shule ya msingi si sawa na kitu kimetokea ghafla ukiwa na miaka 45.

Mbili, inapanuka? Ama imetibiwa wiki kadhaa na haisongi?

Tatu, kuna kitu kingine mwilini kimekwama? Uzito unashuka bila mpango, hamu ya chakula imeisha, unatoa jasho usiku mpaka shuka inalowa, unachoka bila kazi, ama unaona damu kwa choo.

Jibu likiwa "ghafla, inapanuka, na ndiyo", hiyo si plasta tena. Hiyo inataka daktari.

KWANI TUMBO NA NGOZI ZINAONGEA AJE?

Saratani ya ndani hufika kwa ngozi kwa njia nne hivi.

Ya kwanza ni kuziba bomba. Uvimbe ukikaa mahali nyongo inapita, nyongo inakosa njia inarudi kwa damu, na damu inaipeleka mwili mzima. Ndiyo unaona mtu amegeuka njano.

Ya pili ni kutuma ujumbe. Uvimbe mwingine hutoa kemikali zinazofanya kazi kama homoni, zinaambia seli za ngozi ziongezeke. Uvimbe uko tumboni, ngozi inanenepa shingoni.

Ya tatu ni vita vya nyumbani. Kinga ya mwili inatoka kupigana na saratani, kisha inachanganyikiwa na kuanza kugonga ngozi na misuli ambayo haina makosa.

Ya nne ni mbegu zenyewe. Seli za saratani zinasafiri, zinashika ngozi na kuota hapo.

Hii ni tofauti na saratani inayoanzia kwa ngozi yenyewe. Wewe kama ni mtu wa rege unajua ya Bob Marley: mwaka wa 1977 walimpata na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu, kidonda ambacho mwanzoni kilidhaniwa ni jeraha la boli. Ilisambaa ndani, na akafariki Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36 tu. Yake ilitoka nje ikaingia ndani. Leo tunaongea zile zinaanza ndani zikajitokeza nje. Lakini funzo la kwanza la Marley linabaki: ngozi nyeusi haikukingi na kansa, na mahali pa kuangalia ni pale hatuangaliangi, yaani kucha, nyayo na viganja.

Sasa twende moja moja.

1. MACHO YA NJANO

Hii ndiyo rahisi kuona, lakini bado inatupita. Ngozi yetu nyeusi inaficha unjano, kwa hivyo usiangalie mkono. Angalia sehemu nyeupe ya macho, chini ya ulimi na viganja, na uangalie mchana kwa mwanga wa jua. Taa ya keja itakudanganya. Kuna watu macho yao yana rangi ya kahawia kiasi tangu kuzaliwa; hiyo ni sawa. Tunatafuta mabadiliko.

Njano ikija na mkojo wa rangi ya strungi, choo cheupe kama udongo wa chokaa, na mwili kuwasha kila mahali, jua bomba la nyongo limeziba. Linaweza kuwa limezibwa na jiwe, lakini pia linaweza kuwa limezibwa na saratani ya kongosho ama ya mirija ya nyongo. Kitu cha kuogopesha ni njano inayokuja polepole bila maumivu yoyote. Msee anasema, "Mbona siumwi?" na anakaa miezi.

Ukweli pia usemwe: njano nyingi si saratani. Inaweza kuwa homa ya ini, malaria, dawa fulani ama pombe. Lakini ata hizo si za kukaa nazo nyumbani. Homa ya ini aina ya B ikikaa mwilini miaka mingi inaweza kuleta saratani ya ini. Sumu ya ukungu kwa mahindi, ile inaitwa aflatoksini, nayo ni hivyo. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwapiga watu wa Ukambani: 317 waliugua na 125 wakafa kwa ini kuharibika haraka. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka, haikuangushi siku moja, lakini inakuongezea hatari ya kansa ya ini. Kwa hivyo mahindi yenye ukungu usiyapeleke posho mill juu ni ya bei ya chini.

2. SHINGO NA KWAPA KUWA NYEUSI NA NENE

Turudi kwa yule jamaa wa kinyozi. Ngozi ya shingo, kwapa ama mapaja inakuwa nyeusi, nene kidogo, na ukiigusa ni laini kama velveti. Haitoki kwa kusugua juu si uchafu. Kwa hivyo acha kucheka watu.

Watu wengi wenye hii kitu hawana saratani. Sababu kubwa ni uzito na mwili kushindwa kutumia insulini vizuri, yaani kisukari kinabisha mlango. Ukiwa umenenepa na shingo imekuwa ikiongeza weusi polepole kwa miaka, nenda upimwe sukari. Hiyo peke yake inaweza kukuokoa figo na macho.

Inayotisha ni ile ya ghafla. Mtu mzima ambaye hana unene, uzito unashuka, na ndani ya miezi michache weusi unaenea haraka shingoni, kwapani, kuzunguka midomo, ata ndani ya mdomo. Wakati mwingine vinyama vidogo vyeusi vinaota kwa wingi pamoja nao. Hiyo mara nyingi ikichunguzwa inapatikana ni saratani ya tumbo. Dawa za asidi na maziwa zitatuliza kiungulia wiki mbili, lakini uvimbe uko pale pale. Anachohitaji huyo mtu ni kamera ya kuangalia ndani ya tumbo.

3. VIGANJA KAMA MATUMBO

Hapa mtu wa Kiamaiko atanielewa haraka. Unajua vile matumbo ya mbuzi ama ng'ombe yanakaa kabla hayajapikwa, ile taulo yenye mistari na vijishimo? Kuna watu viganja vyao huanza kukaa hivyo: ngozi inanenepa, mistari ya mkono inakuwa mirefu kwenda chini na wazi, na kiganja kinakuwa kama kimevaa velveti. Madaktari wenyewe wameiita viganja vya matumbo, si mimi nimebuni.

Hii si ile sugu ya mtu wa mjengo ama mathe wa kufua nguo. Sugu inakaa mahali unashikia kazi, na ukipumzika inapungua. Hii inakuja mikono yote miwili bila kazi yoyote kubadilika. Ni nadra sana, lakini ikitokea, mara nyingi sana kuna saratani ndani, hasa ya mapafu ama ya tumbo. Ukiwa mvutaji sigara na unakohoa wiki nyingi, hii usiiache ipite.

4. KUJIKUNA BILA UPELE

Mtaani tukijikuna tunashuku kunguni, na kusema ukweli mara nyingi ni kunguni. Ama ni ule upele wa kuambukizana unaowasha usiku, unaokaa kati ya vidole na kiunoni, na mkilala watu wanne kitanda kimoja nyote mnajikuna. Hiyo ina dawa na inatibiwa nyumba nzima.

Lakini kuna kujikuna kwa aina nyingine. Ngozi haina kitu, hakuna kipele, kuna tu alama za kucha zako. Wengine nyumbani hawawashwi. Inaendelea wiki sita, miezi mitatu. Ikija pamoja na jasho la usiku, homa zinazokuja na kwenda, kukonda, na vivimbe visivyouma shingoni, kwapani ama kwenye kinena, inaweza kuwa limfoma, hasa ile ya Hodgkin, ambayo hushika ata vijana wa miaka ishirini na kitu.

Hapa kuna mtego mmoja wa Kenya. Vivimbe vya shingo, jasho la usiku na kukonda ndizo dalili za kifua kikuu pia. Ni sawa daktari kuanza kufikiria TB. Lakini kama umekunywa dawa za TB vizuri na vivimbe bado vinaongezeka, uliza kwa heshima: "Daktari, hiki kivimbe kinaweza kukatwa kipande kipimwe?" Hicho kipimo kinaitwa biopsi. Na Hodgkin ikishikwa ni moja ya saratani zinazopona kwa wingi, kwa hivyo kuchelewa ni hasara ya bure.

5. TITI: CHUCHU YENYE "EKSIMA" NA NGOZI YA CHUNGWA

Saratani ya titi ndiyo inaongoza kwa wanawake Kenya. Wengi wamefunzwa kutafuta donge, na hiyo ni poa. Lakini kuna mbili ambazo huanza bila donge la kushikika, zinaonekana kwa ngozi.

Ya kwanza: chuchu moja inawasha, inabambuka magamba, inatoa maji ama inachubuka kama eksima. Unapaka mafuta, inatulia kidogo, inarudi. Hiyo ilielezwa na daktari Mwingereza James Paget mwaka wa 1874 na bado inabeba jina lake. Eksima ya kawaida mara nyingi hushika pande zote mbili na huanzia kwa ile duara nyeusi. Ya Paget hupenda upande mmoja na huanzia kwa chuchu yenyewe. Nyuma yake mara nyingi kuna saratani ndani ya titi.

Ya pili: titi linavimba haraka ndani ya wiki chache, linakuwa zito na la moto, na ngozi inakuwa na vijitundu kama ganda la chungwa. Vitabu vingi vinasema titi huwa jekundu. Sisi weusi hatuoni wekundu. Tunaona rangi imekolea, imekuwa ya zambarau ama kahawia nzito. Mama anayenyonyesha anaweza kupata maambukizi yanayofanana na hayo. Lakini kama hunyonyeshi, ama umemaliza dawa za kuua viini na hakuna mabadiliko, rudi hospitali wiki hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwezi.

Na machali, ninyi pia mna titi. Kansa hiyo kwa wanaume ni nadra, lakini ipo.

6. KOPE ZA ZAMBARAU NA NGAZI ZISIZOPANDIKA

Ploti zetu nyingi zina ghorofa sita, saba, na lifti ni ndoto. Sasa fikiria mathe ambaye amekuwa akipanda ghorofa ya tano na mtungi wa maji, na ghafla anaanza kupumzika kila ngazi kumi. Si pumzi imekata. Ni mapaja yamekataa. Akifika saluni, kuinua mikono asuke mteja ni shida. Na kope za macho zimevimba na kuwa na rangi ya zambarau ama kijivu, na juu ya viungo vya vidole kuna vipele bapa vinavyobambuka.

Watu watasema ni uzee, ama amerogwa. Huo ni ugonjwa unaitwa dermatomiositi, ile vita ya nyumbani tuliyotaja: kinga inagonga ngozi na misuli. Una tiba yake. Lakini kwa watu wazima, kati ya 15 na 30 kwa kila 100 wenye ugonjwa huu hupatikana na saratani mahali, kama ovari, mapafu, titi, tumbo ama nyuma ya pua. Kwa hivyo daktari akikwambia una ugonjwa huu, usiridhike na vidonge tu. Uliza kama utapimwa saratani pia.

7. UVIMBE KWA KITOVU

Karibu na mwaka 1900, kwa hospitali moja ya mji wa Rochester, Marekani, kulikuwa na mtawa muuguzi anaitwa Sister Mary Joseph. Kazi yake ilikuwa kusaidia daktari William Mayo kwa upasuaji. Akiwa anaosha wagonjwa matumbo kabla ya kupasuliwa, aligundua kitu: wale wenye kijidonge kigumu kwa kitovu, wakifunguliwa, saratani ilikuwa imeenea tumboni. Hadi leo kijidonge hicho kinaitwa kwa jina lake. Cheki vizuri: aliyeona si profesa, ni mtu aliyekuwa anaosha ngozi na kuiangalia kwa makini.

Usichanganye na ngiri ya kitovu. Ngiri huwa laini, ukilala chini ama ukiisukuma inarudi ndani, na wengi wanayo tangu utotoni. Hii nyingine ni ngumu kama kokoto, hairudi, inakua, na inaweza kupasuka na kutoa majimaji. Inaweza kutoka kwa saratani ya tumbo, utumbo, kongosho ama ovari. Hii ni ya kwenda hospitali kesho asubuhi.

8. MADOA MEUSI AMA YA ZAMBARAU YASIYOUMA

Hii tunaijua sana Afrika Mashariki, lakini haitajwi kwa sauti. Madoa bapa ama vijinundu vya zambarau, kahawia ama nyeusi, mara nyingi kwa miguu, usoni, ama ndani ya mdomo juu kwa kaakaa. Havichomi, haviwashi. Mguu unaweza kuvimba. Hiyo ni saratani ya Kaposi, jina la daktari Moritz Kaposi aliyeieleza akiwa Vienna mwaka wa 1872.

Kaposi inaletwa na kirusi fulani kilichogunduliwa 1994, na hupata nafasi hasa kinga ikiwa chini, kama kwa mtu mwenye HIV ambaye hajaanza dawa ama ameziacha. Unaloliona kwa ngozi linaweza kuwa nusu ya stori tu, juu hukaa pia ndani ya mapafu na matumbo, ndiyo maana mtu mwenye madoa hayo akianza kukohoa damu ama kuwa na choo cheusi ni dharura.

Habari njema ni kwamba dawa za ARV, ambazo hospitali za serikali hutoa bure, zikinywewa vizuri hupunguza madoa hayo, na wengine huongezewa dawa za kansa. Kumsalimia kwa mkono mwenye Kaposi hakukuambukizi chochote. Kumtenga ndiko kunamfanya ajifiche mpaka ichelewe.

SASA UFANYE NINI?

Mwaka wa 2020, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria Kenya ilipata visa vipya zaidi ya 42,000 na vifo zaidi ya 27,000. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Julai 2019 peke yake, tulimpoteza Bob Collymore wa Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth, na gavana wa Bomet Joyce Laboso, wote kwa saratani. Hao walikuwa watu wenye doh na madaktari. Sisi wa mtaa tunaweza kukosa vyote viwili, kwa hivyo silaha tuliyo nayo ni kuenda mapema.

Kwanza, weka sheria ya duka la dawa. Shida moja ya ngozi ikikupeleka dukani mara mbili na haiponi, safari ya tatu ni ya kliniki. Krimu nyingi za mtaani, hasa za kujichubua, zina steroidi kali. Zitafifisha alama kwa muda, na daktari akikuangalia atakosa kuona kile angeona. Ni kama landilodi kupaka rangi juu ya ufa.

Pili, piga picha na simu. Mchana, sehemu moja, kila wiki. Daktari akiuliza "imeanza lini?" utakuwa na tarehe. Beba pia krimu na dawa zote umetumia, usione haya.

Tatu, taja vyote kwa pamoja. Hapa ndipo tunapoteza mchezo. Daktari ana foleni ndefu, ana dakika chache na wewe. Ukisema "shingo imekuwa nyeusi" pekee, utapewa krimu. Sema hivi: "Shingo imekuwa nyeusi kwa miezi mitatu, nimepoteza kilo nane, na nikila nashiba haraka." Hiyo sentensi moja inabadilisha kila kitu.

Nne, jua njia. Anzia zahanati ama kituo cha afya cha umma kilicho karibu. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na ukiwa umejisajili, huduma za msingi kwa vituo hivyo zinafaa kuwa bila malipo. Jisajili ukiwa mzima, usingoje mpaka ulazwe. Ukihitaji vipimo zaidi, omba barua ya rufaa kwenda Mama Lucy Kibaki, na kutoka hapo kuna Hospitali ya Kenyatta ama ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambazo hutibu saratani.

Tano, ukiwa na imani, omba. Mchungaji ama imamu akuombee. Lakini maombi na biopsi havigombani. Unaweza fanya vyote siku moja.

Na kuna kitu kimoja cha mwisho. Watu wanaoona ngozi yako zaidi si madaktari. Ni kinyozi wako, msusi wako, mathe anayekupaka mafuta mgongoni, dem wako, jirani wa ploti. Yule wa kinyozi tuliyeanza naye hakukosa watu wa kuona shingo yake. Kila mtu aliiona. Alikosa mmoja wa kumuuliza, "Buda, hii imeanza lini? Na unakula vizuri kweli?"

Leo ukiona msee hivyo, usimcheke. Muulize. Akikosa majibu mazuri, mshike mkono mwende naye kliniki, ata kama ni kumsindikiza tu mpaka kwa foleni.